Kipimo cha sumu ya aseniki kwenye kisima chetu kimesoma 28, na baba watoto anataka ninyamaze

Shangazi, shikamoo.

Ninaishi kijiji kimoja cha wilaya ya Chunya, upande wa machimbo, na ninaomba jina la kijiji lisitajwe. Nina miaka 36, watoto wawili, na mimba ya miezi mitano. Baba watoto ana miaka 43. Ndoa yetu ni ya amani. Hata hili ninaloandika halijatugombanisha, ila limetufanya tuwe kimya mezani.

Mwaka 2018 tulichimba kisima kirefu nyuma ya nyumba, tukafunga pampu ya sola. Mkopo tulichukua SACCOS, na dhamana ni kiwanja changu cha Uyole nilichoachiwa na marehemu baba. Kabla ya hapo watu wa huku tulikuwa tunachota kwenye visima vya mchangani, kule mtoni. Unafukua mchanga, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kopo. Kiangazi tulikuwa tunaamka usiku wa manane kuwahi. Watoto waliharisha, taifodi haikuisha, na juu ya mto kuna mwalo wa kuoshea dhahabu, kwa hiyo hata zebaki kila mtu anajua inaelekea wapi. Kisima chetu kilipotoa maji watu walipiga vigelegele. Mpaka leo vitongoji viwili vinachota kwetu, dumu shilingi 100.

Mwaka 2022 baba watoto alianza kuamka usiku kwenda kukojoa, kiu haikatiki, suruali zinamvuka. Alipopimwa asubuhi kabla hajala, sukari ilikuwa 14. Sasa anatumia metfomini, vidonge vya sukari. Mama mkwe naye ana sukari. Tulimleta kutoka Tukuyu mwaka 2021 kwa sababu kidonda cha mguu kilikuwa hakiponi, nikawa ninamsafisha mwenyewe. Baba mkwe sikumkuta, lakini naambiwa alikatwa mguu kwa sukari hiyohiyo. Na mwaka huu jirani yetu, mama mtu mzima aliyechota kwetu tangu siku ya kwanza, naye kaambiwa ana sukari.

Mdogo wangu anasoma kemia chuoni. Alikuja likizo, akaondoka na maji yetu kwenye chupa ya soda, akayapima baada ya wiki kadhaa kwenye maabara yao ya mazoezi. Majibu alinitumia kwa simu: aseniki, madini yenye sumu, maikrogramu 28 kwa lita. Akaandika, "Dada, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 10. Na usome kuhusu aseniki na kisukari." Nimesoma, na usingizi umekata.

Nilimwonyesha baba watoto. Akakaa kimya, kisha akasema fundi aliyechimba alimwambia kwamba mwisho ni 50, kwa hiyo sisi tuko kwenye nusu tu. Akasema mdogo wangu bado mwanafunzi, na chupa yenyewe ya soda. Akasema neno hili likitoka nje hatutauza hata dumu moja, SACCOS watachukua kiwanja changu, na watu watarudi mchangani. "Mama Neema, liishie hapahapa." Kibali cha kisima nacho sijui kimekaaje, nahisi hiyo ni hofu yake nyingine ambayo haisemi.

Kwa sasa ninachofanya ni kuchemsha maji ya kunywa muda mrefu kuliko zamani. Lakini kila asubuhi anayefungua bomba ni mimi. Yule mama jirani anakuja na madumu yake mawili ya njano, ananipa mia mbili, anauliza mimba inaendeleaje. Mimi ninajiuliza kama ni mimi niliyempa sukari. Na upande mwingine ninawaza, tukiacha maji haya labda baba watoto atapona, aachane na vidonge, maana vinamsumbua tumbo.

Shangazi, nimtii mume wangu au niseme? Na nikisema, nianzie kwa nani? Ndaga fijo.

Mke wa mwenye kisima, Chunya

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mimba.

Nimeisoma barua yako taratibu, kisha nikairudia nikiwa na kalamu, nikipigia mstari miaka uliyoitaja. Kuna maswali mawili yamekuchanganyikia. La kwanza, je, maji haya yana shida? La pili, je, ni maji haya yaliyoleta sukari nyumbani kwako na kwa jirani yako? Umeyajibu yote mawili kwa majibu ya chupa moja, na mzigo wote umejitwisha wewe. Niruhusu niyatenganishe.

Nianze na sukari, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Umeandika kwamba mama mkwe mlimleta mwaka 2021 kidonda kikiwa tayari hakiponi. Basi sukari yake aliipata Tukuyu, kabla hajaonja hata kikombe kimoja cha maji ya kisima chako. Baba mkwe alikatwa mguu kabla wewe hujaolewa. Baba watoto ni mtoto wa wazazi wawili wenye kisukari, na mtu wa namna hiyo ana hatari kubwa ya kupata kisukari hata akiishi maisha yake yote akinywa maji ya chemchemi. Jirani yako je? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba kati ya Watanzania 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 9 wana kisukari. Vitongoji viwili vina watu wazima wengi. Wenye sukari lazima wawepo, wanaochota kwako na wasiochota, na baadhi yao hawajijui kwa sababu hawajawahi kupimwa.

Kwa hiyo, mwanangu, hakuna mtu yeyote, si mdogo wako, si daktari, si mimi, anayeweza kumnyooshea kidole yule mama mwenye madumu ya njano akasema sukari yake imetoka kwenye bomba lako. Swali hilo ukiendelea kujiuliza kila asubuhi litakumaliza, na jibu lake halipo.

Sijasema maji yako hayana neno. Mdogo wako hakukudanganya. Aseniki na kisukari vimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia Taiwan na Bangladesh, ambako watu walikunywa maji ya visima yenye aseniki nyingi mno kwa miaka mingi, na kisukari kikaonekana zaidi kwa waliokunywa zaidi. Maabara nazo zimeonyesha njia zake: aseniki inazisumbua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na inaufanya mwili uisikie insulini kwa shida. Ubishi uko kwenye viwango vidogo kama chako. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 788 wa Marekani, ukakuta wenye aseniki nyingi zaidi kwenye mkojo walikuwa na kisukari cha aina ya pili kwa wingi zaidi, japo wengi wao hawakunywa maji machafu sana. Wataalamu wengine wakahoji, maana mkojo ulipimwa mara moja tu, na anayekula samaki wa baharini hutoa aseniki ya aina nyingine isiyo na madhara hayo. Mwaka 2012 jopo la wataalamu la hukohuko Marekani lilichapisha tathmini yake: maji ya maikrogramu 150 kwa lita na kuendelea yana ushahidi wa kutosha kutia hofu, ila chini ya hapo ushahidi uliokuwepo haukutosha kukata shauri. Baada ya hapo umetoka utafiti wa bonde la San Luis huko Colorado, uliofuatilia maji ambayo watu walikunywa kwa maisha yao yote, nao ukaona hatari inapanda hata kwenye viwango vya chini. Mambo yamefika hapo. Kwa mtu kama baba watoto, aliyezaliwa na hatari ya sukari mwilini, naiona aseniki kuwa furushi jingine juu ya mgongo wa punda aliyekwisha kubebeshwa. Haikumbebesha yote, lakini haimsaidii.

Na kisukari si jambo la kwanza linalowatia wataalamu wasiwasi juu ya aseniki. Kwa miaka mingi ya kunywa, inahusishwa na saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu, na magonjwa ya moyo. Hilo limethibitika vizuri kuliko hili la sukari. Kwa hiyo hata kama kesho tutaambiwa kwamba hakuna mtu Chunya aliyepata kisukari kwa sababu ya maji, bado 28 ingestahili kushughulikiwa.

Sasa hiyo 50 ya fundi. Fundi hakuitunga. Shirika la Afya Duniani lilitumia 50 mpaka mwaka 1993 lilipoishusha kuwa 10. Marekani waliing'ang'ania 50 hadi mwaka 2006. Bangladesh wanaitumia hadi leo, kwa sababu wana visima vingi mno visivyoweza kufika 10. Ukizungumza na mumeo usimwambie fundi ni mwongo. Mwambie alichosema kilikuwa kweli zamani, na kilibadilishwa kwa sababu watu waliendelea kuumia chini ya 50. Mwanamume akihisi kwamba hajaonekana mjinga, masikio yanafunguka.

Na kwenye chupa ya soda mumeo ana hoja, mkubalie. Maji ya kupima madini huchukuliwa kwenye chupa safi ya plastiki inayotolewa na maabara, pampu ikiwa imekwenda dakika kadhaa kwanza, na hutiwa tindikali kidogo ili madini yasigande. Ila hoja hiyo ina makali pande mbili. Kama maji yenu yana chuma, yale yanayoacha alama ya kutu kwenye ndoo nyeupe, basi yakikaa wiki kadhaa bila tindikali kile chuma hujitenga na kutuama chini, na hushuka na aseniki. Inawezekana maji halisi yana zaidi ya 28. Inawezekana pia maabara ya mazoezi ilikosea na yana chini ya hapo. Mnachohitaji ni kipimo cha pili, na hapo naona mlango ambao wewe na mumeo mnaweza kuupita pamoja, kwa sababu kila mmoja wenu ana sababu yake ya kukitaka. Yeye anataka kuthibitisha kwamba mwanafunzi alikosea. Wewe unataka ukweli. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Mbeya mjini, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapohapo Mbeya. Pigeni simu kwanza mjue gharama na chupa mtaipataje. Waombeni wapime aseniki kwa jina lake, maana kipimo cha kawaida cha vijidudu hakiioni. Kwa kuwa mko ukanda wa machimbo, ulizeni na zebaki na floraidi kwa safari hiyohiyo.

Majibu yakisubiriwa, kuna mambo ya jikoni ambayo hayangoji ruhusa ya mtu. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nisamehe.

Acha kuyachemsha maji ya kisima muda mrefu kwa nia ya kuondoa aseniki. Haiondoki. Kinachopaa ni mvuke, aseniki inabaki sufuriani. Ukichemsha hadi maji yabaki nusu, ile 28 yako inakuwa 56. Fikiria sufuria ya maharage: asubuhi umeiinjika kwenye mkaa, yanachemka, yanakauka, unaongeza kopo, yanakauka, unaongeza tena, mpaka saa sita yameiva na mchuzi umekuwa mzito. Maji yote uliyoongeza yamepanda hewani, lakini aseniki ya kila kopo imebaki kwenye mchuzi. Ndiyo maana maji ya kupikia nayahesabu sawa na ya kunywa. Dawa ya klorini haiitoi. Chujio la udongo la kawaida haliitoi. Wapo wanaouza vyombo vya kuchujia wakikuapia kwamba vinatoa kila kitu. Vipo vinavyoweza kweli, hasa vinavyotumia chembe za chuma au utando mwembamba wa kusukumia maji kwa nguvu, lakini usitoe hela kabla maji hayajapimwa kabla na baada ya kupita humo.

Kuoga, kufua, kuosha vyombo na kudeki, endelea na kisima bila hofu. Aseniki ya kiwango hicho haipenyi kwenye ngozi kiasi cha kukutisha. Mnachohitaji kubadilisha ni dumu moja au mawili kwa siku, ya kunywa na kupikia, na mvua za kwenu huanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Bati, mfereji na tenki la kiasi unachoweza vitakuvusha hadi mwezi wa nne. Kwa kuwa mnaishi upande wa machimbo, na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huwa hayako mbali, vumbi la mawe linatua juu ya mabati, basi mvua za kwanza ziache zioshe paa ndipo uanze kukinga. Maji hayo ya mvua ndiyo uyachemshe, kwa ajili ya vijidudu. Mchangani usirudi. Maji ya pale yanaweza kukuumiza wiki hiihii, na ukiwa na mimba sitaki hata kulifikiria.

Kuhusu mtoto tumboni: aseniki hupita kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza kuhamia maji mengine. Lakini akishazaliwa mnyonyeshe bila wasiwasi, maana kwenye maziwa ya mama inapita kidogo sana, na mtoto anayenyonya tu amekingwa kuliko anayekorogewa maziwa au uji kwa maji ya kisima. Uko miezi mitano. Ukifika wiki ya 24 hadi 28, waambie kliniki wakupime sukari. Usingoje wakuulize.

Na vidonge vya baba watoto, mwanangu, visiguswe. Nimeona ulivyowaza, na nimeona upendo ulioko ndani yake, lakini hata kama maji yangekuwa yamechangia, kubadilisha maji hakutairudisha sukari ya 14 ilikotoka. Aseniki yenyewe hutoka mwilini kwa mkojo ndani ya siku chache ukiacha kuinywa, ila kongosho halijirekebishi kwa kasi hiyo. Tumbo linalomsumbua lina tiba yake: ameze vidonge pamoja na chakula, na amwambie daktari, kwani kuna wa kubadilishiwa kipimo au aina. Ninaogopa sana siku atakayosikia kwamba kumbe ni maji, akaamini amepata mkato, akaacha dawa. Ukimweleza habari hii, mweleze na hilo kwa pumzi moja.

Nimekawia kufika kwenye swali lako lenyewe, umtii au useme. Nimekawia makusudi, kwa sababu nadhani ukishika yale ya juu, swali lenyewe linakuwa dogo kuliko lilivyokuja.

Umeniuliza kana kwamba njia ni mbili tu. Mimi naona zaidi, na kila moja ina mwiba wake.

Ukinyamaza na kuihamisha familia yako peke yake, watoto wako watakuwa salama na ndoa itatulia kwa muda. Lakini kijiji kina macho. Siku moja yule jirani atakuona unakinga mvua kwenye mapipa wakati pampu yako inafanya kazi, naye atauliza. Utamjibu nini? Kati ya njia zote hii ndiyo ninayoihofia zaidi, na siihofii kwa sababu ya sheria. Uliniandikia barua ndefu kwa sababu ya sekunde chache unazopokea mia mbili mkononi mwake.

Ukitoka na kumtangazia kila mtu leo, kwa kipimo cha chupa ya soda, unaweza kuwatia watu hofu wakarudi mchangani kabla hujajua hakika. Msemo kwamba kisima kina sumu ukishatoka haurudishwi, hata kipimo cha pili kikija na 6. Na mumeo atajua umepita nyuma ya mgongo wake. Bangladesh visima vilichimbwa ili kuwaokoa watoto na kuhara, na ni mwaka 1993 aseniki ilipogunduliwa humo. Walichofanya baadaye ni kupima kisima kimoja kimoja na kuvipaka rangi, nyekundu kwa chenye aseniki, kijani kwa kilicho salama, na majirani wakaanza kuchota kwa wenzao wenye kijani. Hilo linawezekana kwa sababu visima viwili vya uani vinaweza kutofautiana sana. Kwa hiyo kabla ya kusema kisima chako kifungwe, kuna swali kama cha shule au cha kanisa kimewahi kupimwa. Huenda ni salama. Huenda kina 60.

Ukienda moja kwa moja serikalini, RUWASA wamekabidhiwa maji ya vijijini tangu mwaka 2019, na visima viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, ambayo makao yake ni Mbeya. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuchimba na cha kutumia maji, kwa hiyo kama kibali hakipo, hofu ya mumeo ina msingi. Lakini hebu muulize kwa upole, kibali kikoje, badala ya kukisia. Tatizo la karatasi ukilipeleka mwenyewe husikilizwa tofauti na likigunduliwa.

Na kuna njia ambayo sijui kama mmeitazama, kwa kuwa mazungumzo yenu yaliishia kwenye "liishie hapahapa". Kisima kuuza maji ya kunywa ni jambo moja. Kisima kuuza maji ya kufulia, kuogea, kufyatulia tofali na kujengea ni jambo jingine, na sehemu kubwa ya maji ya nyumbani huenda huko. Kipimo cha pili kikithibitisha, mnaweza kuendelea kuuza na kusema wazi ya nini na si ya nini. Mapato yatapungua, sikufichi. Nendeni SACCOS mapema kuomba marejesho yapangwe upya, kabla hamjaanza kuchelewesha. Hesabu hii ifanyeni wote wawili kwa kalamu. Kiwanja cha Uyole ni cha kwako, mwanangu, urithi wa baba yako. Una haki ya kuijua hesabu yake, na una haki ya kusema kwenye uamuzi unaokihusu, hilo halihitaji ugomvi.

Mumeo simwoni kama mtu mbaya. Alikaa kimya kabla ya kusema, na asiyejali hanyamazi kwanza. Ameshika deni, ugonjwa, mama mgonjwa na mke mjamzito, halafu anaambiwa jambo zuri aliloletea kijiji kumbe lina kasoro. Ni nani wa karibu yenu ambaye yeye humsikiliza? Kama mshenga wenu yupo, ni mtu wa kuitwa. Mama mkwe je? Wewe ndiye uliyemsafisha kidonda. Akisema, "Mwanangu, pima maji tena," nadhani kauli yake itafika mahali yako haikufika. Lakini hao unawajua wewe, mimi nakisia tu kutoka mbali.

Siwezi kukuchagulia siku ya kusema wala mtu wa kwanza kumwambia. Ninachokuomba ni kwamba majibu ya Mbeya yakifika, uyasome pamoja na baba watoto, karatasi yenyewe na si ujumbe wa simu, na mkubaliane kabla ya hapo: ikisoma chini ya 10 tutafanya nini, ikisoma kati ya 10 na 50 tutafanya nini, ikizidi hapo tutafanya nini. Watu wakipanga kabla ya namba kufika hubishana kidogo. Niandikie ikisoma ngapi, na uniambie sukari yako ya kliniki imekujaje.

Shangazi